Hewa ni Bure, Kuitoa Ndiyo Gharama

Zamani hapa Keko nilikuwa nabandika vinia, ule utando mwembamba wa mbao, kwa nguvu ya umma. Napaka gundi, nalaza vinia juu ya MDF, nafunika na ubao, kisha mawe, ndoo 6 za maji, na majirani 3 wa kukalia katikati. Vibano vinashika kingo tu. Katikati kunahitaji makalio. Malipo yao chai na maandazi. Akikosa kuja yule jirani mnene, kesho yake meza ina malengelenge.

Kijana wangu ninayemfundisha kazi, ambaye simu yake ni ghali kuliko randa yangu, akaniletea elimu. "Fundi, tia meza kwenye mfuko, fyonza hewa. Ile ya nje itakandamiza yenyewe, karibu tani 10 kila mita ya mraba." Tukapiga hesabu: meza ya mikutano, futi 8 kwa 4. Pampu ikifyonza hata asilimia 80 tu, ni zaidi ya tani 20. Majirani wangu wote na mabegi yao hawafiki nusu tani. Nikawaachisha kazi.

Pampu tukatoa kwenye friji bovu. Mfuko tukaunga kwa plastiki nzito, futi 10 kwa 6. Karakana yangu yenyewe ni futi 12 kwa 10. Msumeno nikaupangisha kwa muuza chipsi, mbao zikahamia barazani, na mimi nikawa natembea ubavuubavu kama kaa.

Siku ya kwanza mfuko ulijinyonya penye mdomo wa bomba, ukaziba. Hewa ya upande wa pili ikabaki imetulia kama mgeni aliyesikia wali unapikwa. Kumbe unatakiwa utandike wavu juu ya kazi, hewa ipate njia. Nikang'oa wavu wa dirisha la chumbani. Mama watoto hajanisemesha hadi leo. Wanaonisemesha ni mbu.

Siku ya pili pembe ya ubao ikatoboa mfuko. Tukazipiga pembe msasa zikawa mviringo.

Siku ya tatu mambo yakakaa sawa. Mfuko umeng'ang'ania meza, hakuna pa kupenyeza hata sindano. Nikavuta kiti. Pampu ikanyamaza: luku imeisha. Bomba halikuwa na valvu ya kuzuia hewa isirudi, mfuko ukaanza kufura, na kwa joto hili la Dar gundi haikusubiri mtu.

Nikakimbia mtaani kuwaita watumishi niliowaachisha. Walikaa juu ya mfuko gizani, kimya, kama wako msibani. Safari hii walidai chapati.

Mteja alipokuja akaipapasa meza, akaridhika, akauliza nimeibanaje. Nikajisifu: kwa hewa tu, bosi.

"Hewa?" akasema. "Basi punguza bei. Hewa si ya bure?"

"Ya bure, bosi. Unalipia kuitoa."

Chapati sikuzitaja.