Kopo la Plagi

Jumatatu, bamvua
Mashine imezimika mbele ya mwamba tukiwa na samaki wanne, mmoja wao puju. Bagamoyo tulikuwa tunaiona vizuri kabisa. Nahodha alivuta kamba mara 23; nilihesabu, kwa kuwa ndiyo kazi pekee niliyobakiziwa. Kisha akafungua plagi zote mbili, akazinusa, akasema, "Mwalimu, hizi zimelowa oili." Tumerudi kwa tanga la turubai, tukagusa mchanga saa mbili usiku. Mke wangu hakuuliza habari za samaki. Aliuliza saa ngapi.

Jumanne
Nahodha anaamini plagi hufufuka kwa moto. Asubuhi alizifukia kwenye jiko la mkaa uani kwangu, mama watoto alipokuwa ndani akifuata unga. Zilitoka kavu. Chapati zilitoka na harufu ya petroli. Mjukuu amekula tatu na ameomba ya nne. Mashine iliwaka, ikatufikisha kwenye maji ya kiuno, ikazimika. Nahodha akagonga ncha za plagi kwa jiwe ili zikaribiane, "moto usipotee njiani." Baada ya hapo hata maji ya magoti hatukuyafikia.

Mchana nilikwenda duka la vipuri vya pikipiki. "Plagi ni plagi tu, mzee," kijana akaniambia, akanifungulia boksi la D8EA. Nilipoijaribu iliingia kwenye tundu bila hodi na bila kugusa ukuta wowote. Tundu letu lina upana wa milimita 14. Ya bodaboda ni 12. Nimeirudisha. Kijana akasema kitu kilichotoka kwenye boksi hakirudi. Sasa nina plagi ya bodaboda. Bodaboda sina.

Nimeitia kwenye kopo la majani ya chai, pamoja na zile mbili za zamani.

Jumatano
Shemeji, mwenye kibanda umiza, ameniazima plagi ya jenereta yake kwa sharti irudi kabla ya magharibi. Upana wake ni milimita 14. Ilikubali uzi mara moja, nikawa naizungusha huku nikipiga mluzi. Fundi alikuwa anapita na ndoo ya dagaa. "Shikamoo Mwalimu. Naomba usivute hiyo kamba."

Aliitoa, akaisimamisha kando ya plagi yetu ya zamani. Nilileta rula yangu ya shuleni. Sehemu ya uzi ya plagi ya jenereta ni milimita 19. Ya kwetu ni 12.7. Hizo sita na ushei zilizozidi zingechungulia ndani ya silinda, mahali ambapo pistoni hupita maelfu ya mara kwa dakika. Fundi hakusema zaidi. Alichukua ndoo yake akaenda zake.

Plagi niliitia kwenye kopo nikajisahau. Leo ilikuwa siku ya mechi. Saa moja usiku kibanda umiza hakikuwa na umeme, na watu wasiopungua arobaini wamejua ninapokaa.

Alhamisi
Safari ya Dar es Salaam. Daladala hadi Makumbusho, nyingine hadi Kariakoo, kisha kwa miguu hadi Gerezani. Fundi alikuwa ameniandikia namba kwenye karatasi. Nilipoitoa mfukoni ilisomeka: vitunguu, bizari, sabuni ya kipande.

Muuzaji alikuwa mpole. Aliuliza mashine gani, nikamwambia Yamaha ya farasi 15, silinda mbili, ile ya kuchanganya oili na petroli. Akauliza, "Yenye R au isiyo na R?" R ni kizuizi cha ndani kinachopunguza mikwaruzo ya redio. Redio ya chomboni kwetu ina betri mbili, na antena yake ni waya wa hanga. Nikasema isiyo na R. "Ya sita, ya saba, au ya nane?" Nilifundisha hesabu miaka 31. Nikachukua ya nane.

Vitunguu nimevisahau.

Ijumaa
Hatukwenda baharini. Baada ya swala fundi alizitazama plagi mpya, akauliza kwa nini nane. Nikamwambia nane ni kubwa kuliko saba. Akakubali kwamba ni kweli.

Kitabu cha mashine kimepatikana. Kilikuwa chini ya mguu wa friji tangu siku friji ilipoingia ndani. Ukurasa umebonyea, lakini unasomeka: B7HS-10. Fundi akanichambulia uani, kwa kijiti, kwenye mchanga. B ni upana wa uzi, milimita 14. H ni urefu wake, 12.7. Kumi ya mwisho ni nafasi ya kurukia cheche, milimita moja. Zile alizogonga Nahodha kwa jiwe hata wembe haupiti. Na 7 ni kiwango cha joto, ila kwa NGK namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi, yaani inatoa joto lake upesi. Bosch na Champion huhesabu kwa kwenda upande wa pili. Hili sikulifundisha popote.

Pua ya plagi inatakiwa ifike nyuzi 450 hivi ili iunguze masizi yake yenyewe. Ikipita 800 petroli inaweza kuwaka kabla cheche haijaruka, na pistoni ikatoboka. Kwa hiyo Jumanne nilikosea B, Jumatano nikakosea H, Alhamisi nikakosea 7. Nimebakiza S.

Friji sasa imeinama, na mlango wake hufunguka wenyewe.

Jumamosi
Tumefunga zile za nane kwa sababu ndizo zilizopo. Kwa mwendo wa kasi mashine ililia vizuri hadi Nahodha akatabasamu. Kisha tukapunguza moto turambaze. Saa nzima ya mwendo wa kobe, plagi baridi zikavaa masizi kama chungu, mashine ikakohoa, ikanyamaza. Tulikuwa na nguru mmoja. Nilipoanza kuhesabu mivuto, Nahodha aliniomba nisihesabu kwa sauti.

Jumapili
Fundi amekuja kuangalia uchanganyaji. Oili inatakiwa sehemu moja kwa 50 za petroli: kwa dumu la lita 20, mililita 400. Baharia wetu mdogo alionyesha anavyofanya. Alimimina kopo zima la lita moja. Alipoulizwa, alisema mashine ya zamani isionewe uchoyo.

Kipimo hatukuwa nacho, ikatumika chupa ya maziwa ya mjukuu yenye mistari ya mililita. Mama yake mtoto hajaambiwa.

Alasiri mke wangu alichukua zile plagi mbili za mwanzo kwenye kopo, akazisugua kwa majivu na kumbi kama asuguavyo masufuria. Masizi yalipotoka juu ya kauri, maandishi yakajitokeza. B7HS-10, zote mbili. Fundi akazipanua ncha hadi milimita moja kwa kufuata kitabu. Nimekirudisha kitabu chini ya friji.

Jumatatu, maji mafu
Mashine imewaka kwa mvuto wa pili. Nahodha ameondoka na baharia alfajiri. Mimi nimeambiwa nipumzike.

Saa nne shemeji amekuja kudai plagi ya jenereta. Nimemmwagia kopo juu ya jamvi: ya bodaboda, mbili za nane, na yake, zote nyeusi kwa sababu mjukuu naye amejifunza kuzifukia kwenye jiko. Shemeji akazigeuza moja moja, akaniuliza ipi ni yake. Nikamwambia ni rahisi, apime uzi kwa rula, yake ni milimita 19.

Akaomba rula. Rula imekwenda baharini. Baharia anakorogea oili.