Kidole, Kinanda na Namba 127

Kitufe cha kinanda kinapobonyezwa, kompyuta huambiwa mambo mawili: ni noti gani, na kitufe kimeshuka kwa kasi gani. Kasi hiyo wanastudio huiita velositi, na huandikwa kwa namba kuanzia 1 hadi 127. Sifuri nayo imo katika MIDI, utaratibu ambao vyombo vya muziki vimeutumia kupashana habari tangu 1983, ila ilishapewa kazi nyingine: noti ikitumwa na velositi ya sifuri, chombo huelewa kwamba kitufe kimeachiwa. Kwa hiyo mpole kuliko wapigaji wote hashuki chini ya 1, na mwenye hasira kuliko wote haruki 127, hata akivunja meza.

Meza zenyewe huteseka kwa sababu watu wengi huamini kinanda kinapima nguvu. Hakipimi. Chini ya kila kitufe kuna swichi mbili ndogo: moja huguswa kitufe kinapoanza kushuka, ya pili kinapokaribia mwisho, na kinachopimwa ni muda uliopita kati ya ile na hii. Muda ukiwa mfupi, namba huwa kubwa. Ndiyo maana mtu mzima anayekikandamiza kitufe taratibu kwa uzito wa mwili wake wote, midomo imebanwa na macho yamefumbwa, huambulia mnong'ono, ilhali mtoto aliyepita hapo na kukidonoa mara moja huamsha nyumba nzima. Mtoto hajamzidi kipaji, amemzidi haraka.

Wabunifu hawakukosea kuchagua kasi. Ndani ya piano halisi, ambayo Bartolomeo Cristofori aliitengeneza Italia karibu na mwaka 1700, sauti hutegemea kasi ya nyundo inapofikia waya. Ogani ya kanisani haina habari na hayo: kitufe chake kikishuka pole au kikishuka kwa kishindo, sauti ni ileile. Mpigaji aliyelelewa na ogani akihamia studio huja na kidole kisichojua tofauti, na rekodi yake ya kwanza husikika kana kwamba kila noti ina ugomvi wake.

Hapo ndipo programu ya kurekodia humpa mkunjo wa velositi, yaani mstari unaoonyesha kasi ya kidole itageuzwa kuwa namba gani. Mkunjo ulionyooka hauongezi wala haupunguzi: 60 inaingia, 60 inatoka. Mkunjo laini hupandisha namba za chini, ili kidole dhaifu kisikike. Mkunjo mgumu huzishusha, na humfaa mwenye mkono mzito. Upo pia uamuzi wa kuzipa noti zote namba moja, ambao huzifaa ngoma za dansi na huiua piano papo hapo. Vinanda vingine vina mpaka wake vyenyewe: Yamaha DX7 ya 1983 inafahamika kwa kutofika 127 kupitia MIDI hata ipigwe vipi, na mwenye nayo hulazimika kuupandisha mstari ili sauti za juu za vyombo vyake zipatikane.

Balaa kubwa haitoki kwenye mkunjo wenyewe. Inatoka kwenye idadi ya mahali unapopatikana. Kinanda kina wa kwake, umefichwa kwenye menyu ambayo hakuna aliyeisoma. Programu ya kurekodia ina wake. Chombo kinachopigwa ndani ya programu, piano kwa mfano, nacho kina wake. Mpigaji akiona sauti ni ndogo hulainisha kwenye kinanda. Kesho yake, akiwa amesahau, hulainisha kwenye programu. Wiki ijayo rafiki mjuaji hulainisha kwenye piano. Ni kama chai iliyotiwa sukari na watu watatu wasioambizana. Matokeo yake, noti yoyote iliyoguswa hurukia 110, na katikati ya mnong'ono na kelele hapabaki kitu. Piano nyingi za programu zimerekodiwa kwa tabaka, noti ileile ikiwa imepigwa kwa upole, kwa wastani na kwa ukali. Kwa hiyo velositi ikivimba hivyo, tabaka za upole hazisikiki tena, ingawa zimelipiwa.

Tiba ni kuirudisha mikunjo yote mitatu kwenye mstari ulionyooka, kisha kutazama namba kabla ya kuamini masikio. Masikio hudanganywa na spika, na spika hudanganywa na aliyegusa kitufe cha sauti akapita. Mpigaji apige ngazi nzima kutoka upole hadi ukali na asome kilichoandikwa. Namba zikikwama chini kwa kila chombo, kasoro iko kwenye kinanda, na irekebishwe hukohuko. Zikiwa nzuri lakini piano moja tu ndiyo inayolalamika, irekebishwe piano hiyo. Sehemu moja inatosha.

Kuna mtego mwingine unaowapata hata wazoefu. Katika programu kama Ableton Live, kirekebishi cha velositi kilichowekwa kwenye traki hubadilisha kile ambacho chombo kinasikia, lakini namba zinazorekodiwa hubaki zilezile za kidole. Mpigaji husikiliza, hufurahi, kisha humtumia prodyuza faili la MIDI peke yake. Prodyuza hufungua na kukuta minong'ono. Siku nzima hupita wakituhumiana kuhusu spika.

Asiye na kinanda hutumia kibodi ya kompyuta, ambayo haijui kasi hata kidogo. Katika Live, herufi C na V hushusha na kupandisha velositi, Z na X hubadilisha oktava. Mtu anayetafuta njia ya mkato huku hali ya kupiga noti kwa kibodi imewashwa huishia kutunga wimbo asioukusudia, na mara chache huwa bora kuliko ule alioukusudia.

Wapigaji wa usiku huvaa hedifoni wakiamini wamemsitiri jirani. Jirani hasikii muziki. Husikia vitufe vikigonga plastiki saa nane za usiku, bila melodia ya kumfariji. Mkunjo laini humsaidia kweli, kwa kuwa mpigaji hufika namba za juu bila kutwanga.

Na ikiwa kitufe kimoja pekee ndicho kinachopaza sauti kila kinapoguswa huku wenzake wakitii, mikunjo yote iachwe ilivyo. Mara nyingi ni vumbi au uchafu kwenye swichi za chini, na kazi hiyo ni ya bisibisi, kitambaa kikavu na subira. Noti ambazo kitufe hicho kimeshazipiga kwenye rekodi hushushwa moja moja kwa kipanya, katika dirisha la kuhariri, kila moja kwa kuvuta mstari wake mdogo kwenda chini.