Nyumba ipo, ila…

Dalali wa Kisauni aliniita "dadangu" kila hatua tatu. Chumba kipo, maji yapo, hata upepo wa bahari umo kwenye kodi. Mlangoni, mama mwenye nyumba akanikagua toka ushungi hadi ndala. Mume? Sina. Kwetu? Nikamtajia. Watoto? Wawili. Ghafla chumba kikawa kimechukuliwa tangu jana, na huyo mpangaji wa jana lazima ni jini, maana vumbi la sakafuni halikuwa na hata wayo mmoja.

Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inamkataza mtu kumbagua mwenzake kwa kabila, dini wala hali ya ndoa. Sawa, lakini Katiba haijalipa dipoziti. Dalali akanidai mia mbili; nyumba, alisema, si umeiona?