Mjomba, Pikapu Inavuja Damu

Cleveland, Ohio

Mjomba,

Barua hii isome kwanza mwenyewe, hapo gereji chini ya mwembe, kabla hujaipeleka nyumbani. Mama akitaka kusomewa, msomee mwanzo na mwisho tu. Katikati kuna mahali nimelala chini ya gari la tani mbili na ushei, nawe unamjua dada yako.

Nianze na ile picha. Mnaikumbuka: mimi na koti langu, nimeegemea pikapu nyeusi, theluji imetanda, mkono mmoja mfukoni kama mkurugenzi wa bandari. Nasikia shangazi aliionyesha mpaka kwa muuza mihogo. Binamu naye akaniandikia usiku uleule kwamba nikilichoka gari hilo nilipandishe meli, yeye atalipokea Tanga. Sasa wewe ni fundi, itazame tena. Tazama mguu wangu wa kulia. Umeona nilivyoutanguliza, kama mtu anayetaka kuingia kwenye ngoma ya mdumange? Chini ya kiatu kile pana doa jekundu, kubwa kama sahani ya pilau, kwenye theluji nyeupe pe. Nilikuwa nimelikanyaga mpaka mpiga picha alipomaliza.

Jirani wa ng'ambo ya barabara aliliona kabla ya picha. Akaja taratibu, mikono nyuma, akaniuliza kwa adabu kama nimechinja.

Huyu jirani ni mstaafu wa kiwanda cha chuma, ana miaka 74, na ndiye shujaa wa barua hii. Ana jina lake, na amenisihi nimwite kwa jina hilo, lakini mtu wa umri ule nitamwitaje kwa jina kavu kana kwamba tumecheza gololi pamoja? Namwita Mzee. Nilipomweleza maana yake alicheka, akalipenda. Siku hizi hata mleta barua anamsalimia "Mzee", ila analitamka kama mtu aliyeumwa na nyuki ulimini.

Mzee hakufungua boneti wala hakupiga gari teke. Alikwenda kwake, akarudi na boksi kubwa lililokuja na friji, akalikunjua akalilaza chini ya pikapu. Akasema tuonane asubuhi. Nikajiuliza kama hii ndiyo elimu ya viwandani. Lakini asubuhi, Mjomba, boksi lilikuwa limeandika kila kitu. Nyeusi ni oili ya injini. Kijani ni maji ya rejeta. Nyekundu ni oili ya giaboksi ya otomatiki. Na kwa kuwa alikuwa ameweka alama za magurudumu kwa kalamu, tuliona hata inapodondokea: mbele kidogo ya giaboksi, upande wa dereva, pale paipu ya chuma inapoungana na kipande cha mpira.

Najua hapo gereji mnaniuliza: giaboksi na paipu wapi na wapi? Giaboksi za mkono mnazofungua ninyi zina oili yake imetulia tumboni, mpaka siku mtu akikumbuka kuibadilisha. Hii ya otomatiki ni ukoo mwingine. Oili ndiyo inayosukuma klachi za ndani, ndiyo inayopokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye gia, na katika kazi yote hiyo inachemka. Kwa hiyo inasukumwa na pampu, inatoka kwa paipu moja mpaka mbele, inapita kwenye kipoozeo kilichofichwa ndani ya rejeta, halafu inarudi kwa paipu ya pili ikiwa imepoa. Paipu mbili nyembamba kama kidole, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Zikikatika, oili inamwagika barabarani, na gari linabaki kunguruma papo hapo hata ukikanyaga mafuta mpaka sakafuni.

Najua pia ungesema nini: sabuni ya kipande. Sijasahau lile lori lililotobolewa tangi na jiwe, ukalibandika sabuni na likafika Korogwe. Lakini petroli ya tangini inakaa kimya. Oili hii inatoka ya moto, tena inasukumwa. Sabuni ingechuruzika kama dawa ya meno. Mpira wa baiskeli nao niliufikiria, nisiseme uongo. Mzee akaniambia mpira wowote usiotengenezwa kwa oili hii utalainika na kupasuka, na siku utakapopasuka nitakuwa kwenye barabara kuu, katikati ya malori.

Sasa kisa cha kutu. Nilipoondoka Tanga nilijiambia, angalau huko ninakokwenda hakuna upepo wa bahari wa kula mabati. Cleveland iko kando ya Ziwa Erie, maji baridi, si ya chumvi. Kumbe chini ya ziwa hilo kuna mgodi wa chumvi! Kina chake kinapita mita 500, na watu wanashuka huko kila siku kuchimba. Chumvi yenyewe ni ya bahari iliyokauka zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, kabla ya dinosaria na kabla ya ukoo wetu kuanza kugombania shamba la Muheza. Wanaichimbua, wanaipakia kwenye malori, na theluji ikianguka wanaimwaga barabarani iyeyushe barafu. Inayeyusha kweli. Kisha inarushwa na matairi, inaingia uvunguni mwa gari, inakaa kwenye kila paipu na kila nati, inatafuna polepole msimu mzima. Nimekimbia bahari iliyo hai, nikaja kufuatwa na maiti yake.

Basi nikaenda gereji. Sitaitaja. Kijana wa kaunta alikuwa na shati safi kuliko langu la Idi. Akabofyabofya kompyuta, akaniambia dola 780. Nikamuuliza paipu ni bei gani. Zote mbili, 110. Na nyingine zote? Akanyanyua mikono yake miwili, akanionyesha. Mikono, Mjomba. Hapa chuma ni rahisi, kinachouzwa ghali ni mikono. Niliikumbuka mikono yako, na jinsi wateja wanavyokulipa nusu, tena kwa ahadi, halafu wanataka na chai. Nikatoka mle nimekuheshimu upya.

Mzee aliposikia bei alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika. Akasema njoo Jumamosi. Kwangu nisingeweza hata kama ningetaka, maana mkataba wa nyumba unakataza kutengeneza gari uani. Nimeruhusiwa kufuga paka wawili, lakini si kufungua nati moja. Tukaingiza pikapu kwenye banda lake, ambalo lina taa, lina kipasha joto, na spana zimetundikwa ukutani kwa ukubwa, kila moja imechorewa kivuli chake ili ikiibwa ijulikane. Ninyi spana ya kumi na tatu mnaitafuta tangu msiba wa babu.

(Hapa ndipo umrukishe Mama.)

Tulipandisha mbele kwa jeki, kisha Mzee akaweka stendi mbili za chuma, akalitikisa gari kwa bega, akalitikisa tena. Ndipo akaniruhusu kuingia. Kitu cha kwanza kilichoniangukia machoni kilikuwa kutu, kwa kiasi cha kijiko cha chakula. Cha pili kilikuwa kutu tena. Akanipa miwani.

Nati ya upande wa giaboksi ilikuwa imeungana na paipu kama mume na mke wa zamani, huwezi kumgusa mmoja bila mwingine kulalamika. Tuliipaka mafuta ya kulegeza kutu tangu Alhamisi, asubuhi na jioni, kama dozi. Jumamosi nikatia ile ringi spana yenye pengo, inayopita juu ya paipu na kuikumbatia nati karibu pande zote. Nikavuta. Nati ikazunguka! Nikapiga kelele ya ushindi. Kumbe na paipu nayo inazunguka, inajisokota kama kamba ya mkonge. Mzee akachungulia, akasema kwa kuwa imeshakufa tusiibembeleze. Tukaikata kwa msumeno karibu na nati, tukavisha soketi ndefu juu ya kisiki, nati ikatoka kwa mlio wa jino la mtoto.

Ikafuatiwa na oili. Hakuna aliyenionya kwamba ukilala chali na kunyoosha mkono juu, oili hupita mkononi ikatafuta kwapa. Inapita kwenye kiwiko, inaingia kwenye sweta, na ikifika kwapani inapumzika. Nusu ya iliyotoka iliingia kwenye beseni na nusu iliingia kwangu. Mzee aliipima ya beseni kwa chupa, akakisia ya sweta, akaandika ukutani kwa chaki: kwati mbili na nusu. Kwati ni lita yao, wamepunja kidogo.

Upande wa rejeta hakuna nati. Kuna klipu, kijiwaya kilichopinda kama kwato la punda, kidogo kuliko kifungo cha shati, ndicho kinachoshika kichwa cha paipu. Unakichokonoa kwa bisibisi nyembamba, paipu inachomoka. Nilikichokonoa vizuri. Kikaruka, kikagonga kitu, ti!, kikatoweka. Tulikitafuta saa nzima. Tulifagia, tukapitisha sumaku, tukakung'uta koti, Mzee akapiga magoti na tochi licha ya goti lake bovu. Hatimaye tukafungua pakiti ya paipu mpya ili tujifariji, na ndani, kwenye kimfuko, zilikuwemo klipu mpya. Mzee akakaa juu ya ndoo, akanyamaza kwa muda ambao kwetu ungetosha kuchemsha chai.

Paipu mpya zimekuja zimeshapindwa kiwandani, ndefu kama mtu, zina kona saba. Kuziingiza kati ya injini na chasisi ni kama kupitisha kitanda cha samadari kwenye mlango wa chumba cha uani: unajua kilipita siku ile ya harusi, lakini waliokipitisha wote wamekufa. Tuligeuza, tukasukuma, tukarudisha, tukazozana kwa lugha mbili. Ilipokaa, ilikaa yenyewe, kwa dharau. Kichwa ukikisukuma kwenye rejeta lazima usikie "ta!" ya klipu, na baada ya "ta!" Mzee alinilazimisha nikivute kwa nguvu mara tatu. Nati ya giaboksi nikaianza kwa vidole, maana ukianza na spana unaweza kuharibu uzi.

Kujaza oili ndipo tulipokaribia kugombana. Wewe umenifundisha kupima oili injini ikiwa imezimwa. Mzee akasema hiyo ni ya injini. Ya giaboksi hii inapimwa gari likinguruma, likiwa limepata moto, baada ya kupitisha gia zote, rivasi mpaka draivu, mguu kwenye breki, kisha ukairudisha kwenye parki. Nikamwambia Mjomba wangu ana gereji tangu sijazaliwa. Akanionyesha kijiti chenyewe cha kupimia, kimechapwa maelezo hayohayo. Samahani, Mjomba. Nilikutetea mpaka pale.

Iliyomwagika sakafuni Mzee aliimwagia mchanga wa paka. Ndiyo, wanauza mchanga dukani, kwa mfuko, ili paka wajisaidie ndani ya nyumba. Nami natoka Tanga, nimelipia mchanga. Oili chafu tuliitia kwenye chupa aipeleke duka la vipuri, wanaipokea bure. Nikamwambia kwetu nguzo za nyumba hupakwa oili chafu mchwa wasizile. Akalifikiria hilo muda mrefu, kisha akatazama uzio wake wa mbao.

(Mama arudi hapa.)

Afya yangu ni njema, nakula vizuri, nimenunua sweta jipya. Gari zima, linabadilisha gia laini kama siagi. Tulilaza boksi jipya chini yake Jumamosi usiku. Jumapili asubuhi lilikuwa kavu kabisa, nikampelekea Mzee mahamri ya iliki, akala matano, akauliza kama ndiyo hivyo hivyo Tanga nzima.

Jumatatu nilichungulia tena, kwa mazoea tu. Katikati ya boksi palikuwa na tone moja, dogo. Kijani.

Sasa hivi nakanda unga.

Mwanao wa Cleveland.