Kamera Nne, Mfuko Mmoja

Hospitali ikiamua kuwanunulia wauguzi simu janja, kamati huundwa upesi kuliko ile ya kununua mashuka. Anakuwepo mhasibu, afisa ugavi, kijana wa TEHAMA, katibu wa afya, na daktari mmoja anayefika kikao kikikaribia kuisha na kuuliza kama chai imeshapita. Muuguzi naye huitwa, ili muhtasari useme alikuwepo. Kwetu niliitwa mimi, kwa sababu nilikuwa natoka zamu ya usiku na Metroni akaona sina kazi.

Kabla ya hapo mawasiliano yetu yalikuwa ya miguu. Daktari akihitajika wodini anatumwa mhudumu. Mhudumu akichelewa, anatumwa mtu wa kumtafuta mhudumu. Wenye haraka tulitumia simu zetu na bando letu, na fomu ya kurudishiwa bando sijawahi kuiona. Msitucheke. Uingereza pamoja na pesa zake zote, madaktari na wauguzi wa hospitali za umma walikuwa bado wanatembea na peja, vile vidude vinavyolia kukuita, viunoni mwaka 2019, pale Matt Hancock, waziri wao wa afya wa wakati huo, alipoagiza ziondolewe kufikia mwisho wa 2021. Zilikuwa kama 130,000, karibu moja ya kumi ya peja zote zilizokuwa zimebaki duniani. Sisi angalau peja tuliziruka. Tulitoka kwa mhudumu tukaingia WhatsApp moja kwa moja.

Basi kikaoni, afisa ugavi akaweka mezani simu aliyoipenda yeye. "Sista, hii ina kamera nne."

Nikamwambia mimi nina mfuko mmoja.

Hakunielewa, na simlaumu. Mwanaume ana mifuko mpaka ya nyuma. Mfuko wa gauni la nesi umeshonwa na mtu asiyewahi kuinama. Humo kuna mkasi, plasta, kalamu ambayo madaktari wameshaipigia mahesabu, na kijitabu cha kuandikia yale ambayo faili limekataa. Ukitia simu ya karibu inchi saba, nusu yake inabaki nje ikichungulia wodi. Ukiinama kushika bedpani, inakutangulia.

Ndivyo ilivyokwenda ya kwanza. Boksi lilikuwa limeandikwa IP67, na muuzaji alikuwa ametuapia kwamba haiingii maji. Kwa haki yake, alama ile haisemi uongo: 6 ni kuzuia vumbi, na 7 ni kustahimili kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Lakini hayo ni maji safi, ya kwenye majaribio. Kuhusu klorini ya asilimia 0.5, ambayo ndiyo inayokaa kwenye ndoo zetu, alama imenyamaza. Simu ilizama ikiwa inaita, na maabara ndio waliokuwa wanapiga. Muziki ukaendelea kutoka ndani ya ndoo, na mzee wa kitanda cha pili akasema kwa kweli hospitali siku hizi imeendelea.

Zilizobaki zilitugomea kwa njia nyingine. Kioo cha simu janja kinafanya kazi kwa kuhisi kidole kinavyobadilisha umeme kidogo ulio kwenye kioo, kwa hiyo ukivaa zile glovu nene za usafi, kwake wewe haupo. Glovu nyembamba za kupimia inazikubali, ila unabonyeza A inaandika S. Ya kufungua kwa alama ya kidole nayo inataka kidole chenye alama, si hiki cha kwetu kinachooshwa na kupakwa spiriti kuanzia alfajiri. Tukajaribu kufungua kwa uso. Nikasimama mbele yake na barakoa yangu, ikasema haijanitambua. Hata nyumbani huwa wananiambia hivyo nikitoka zamu ya usiku. Mwisho tukaweka namba ya siri 1234, tukaiandika kwenye kipande cha plasta na kuibandika mgongoni mwa simu. Kijana wa TEHAMA aliposikia alikaa chini.

Yeye mwenyewe ana kesi yake. Kamera nne zilikuwa zimetetewa kwa hoja nzuri: muuguzi apige picha ya kidonda, daktari bingwa aione akiwa mbali, mgonjwa asisubiri hadi raundi ya Jumatatu. Hilo ni jambo jema na limetusaidia mara nyingi. Tatizo ni kwamba simu zote zilifunguliwa kwa akaunti moja, nayo ni ya kijana huyo, maana siku ya kuzipokea yeye ndiye aliyekuwa na bando. Picha zikawa zinapanda kimyakimya kwenye hifadhi yake. Jumapili moja yuko mezani na wakwe, simu yake ikamletea zawadi: video fupi ya kumbukumbu za wiki, imepangwa na programu yenyewe, yenye kinanda laini, picha zikiingia na kutoka taratibu. Donda la kisukari la mguu wa kushoto. Donda hilohilo kwa karibu. Mshono wa tumbo. Kisha keki ya kumuaga muuguzi mwenzetu anayestaafu, halafu donda tena. Mama mkwe alikuwa ameegama kuangalia.

Tulicheka mpaka Metroni akatufungia mlango, lakini Metroni mwenyewe hakucheka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mguu wa mtu, hata ukiwa umeoza, ni taarifa yake binafsi. Mwenye mguu alikuwa amekubali bingwa auone, hakukubali kuwa sehemu ya chakula cha mchana cha ukweni. Kwenye zile karatasi za sifa za simu tulizopitia, zenye megapikseli na ukubwa wa kumbukumbu, hakuna mstari uliouliza picha zitakaa wapi na nani atazifuta.

Wala hakuna aliyeuliza simu inajua lugha gani. Hizi zetu zilikuja zikiamini kila Mswahili amekosea Kiingereza. Muuguzi mwenzangu alimwandikia daktari wa zamu, "Kitanda 11 dripu imeisha." Simu ikamsahihisha kwa moyo safi, ikatuma, "Kitanda 11 drip Aisha." Daktari akajibu, "Sawa, mwekeeni." Kitanda cha 11 alikuwa mama mwingine kabisa, dripu tupu ikining'inia. Aisha tulikuwa naye kweli, kitanda cha 4, ameruhusiwa, ameshavaa dera la kwenda nyumbani, anasubiri bajaji. Mwanafunzi wa mazoezi akamfuata na sinia la sindano. Kilichomwokoa ni ile kanuni ya kale ya kumtambua mgonjwa kwa vitu visivyopungua viwili kabla ya kumgusa, pamoja na mdomo wake mwenyewe, maana alipiga kelele mpaka bajaji ikazima injini.

Kuhusu kundi la WhatsApp la wodi sitasema mengi. Lilianzishwa kwa majibu ya maabara na dharura tu. Siku iliyofuata likapokea ua la waridi lenye "asubuhi njema", na kabla ya wiki kuisha likapokea kadi ya mchango wa harusi. Siku potasiamu ya mgonjwa ilipopanda, jibu lilikuwa limekaa katikati ya ahadi ya elfu hamsini na video ya mchungaji. Kwa maoni yangu jibu la hatari halitumwi, linapigiwa simu, na aliyepokea analisoma kwa sauti kulirudia.

Simu za kazi hii zipo. Ascom ya Uswisi na Zebra ya Marekani wanatengeneza simu kwa ajili ya hospitali: plastiki yake inavumilia kufutwa kwa dawa, baadhi zinasoma alama kwenye kitambulisho cha mkononi cha mgonjwa, na nyingine unabadilisha betri bila kuzima simu. Nilizitaja kikaoni. Mhasibu aliuliza bei, akatazama dirishani, akauliza kama chai imeshapita.

Basi ushauri wangu kwa kamati zenye pesa kama za kwetu ni huu: kila wodi ipewe simu janja moja ya picha, ifungwe kwa akaunti ya hospitali, ilale kwenye kabati la dawa. Kwa kuitana, nunueni viswaswadu. Kiswaswadu kinaingia mfukoni, vitufe vyake vinakubali glovu, tochi yake imeshatufungia mishono umeme ulipokatika, hakijui kusahihisha mtu, na chaji yake inavuka zamu ya usiku bila wasiwasi.

Maana hata ile simu yenye betri ya mAh 5,000 ilikuwa inazimika saa nane za usiku, na tulishamshuku fundi bure. Soketi inayofanya kazi wodini kwetu ni moja, na kila mwenye mgonjwa akija kulala anachomoa ya wodi na kuchomeka yake. Ndugu msomaji, ukija kumuuguza mtu wako, karibu sana. Simu yako ichaji nyumbani.