Sifa za LPO

Mlima Kenya una nyimbo, miraa ina nyimbo, hata majani chai yameshaimbwa. LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa, haijapata malenga, na huo ni utovu wa shukrani, maana bila karatasi hiyo hospitali ya kaunti, iwe ya Meru au ya Embu, hainunui hata pamba ya kusafishia kidonda.

Ni karatasi yenye haya, haitoki ovyo. Wodi ikiishiwa glavu, ombi hupanda kwa mkuu wa idara, stoo ikiri kwamba rafu ni tupu, afisa wa ununuzi akohoe, mhasibu atazame kama kifungu cha bajeti bado kinapumua. Ikiwa ni tenda kubwa, Sheria ya Ununuzi ya 2015 inataka watu wasiopungua watatu wafungue bahasha mbele ya wazabuni na kutia sahihi. Mshindi akipatikana, mkataba husubiri siku 14 ili aliyeshindwa apate kulia kwa utaratibu. Akilia, bodi ya rufaa ina siku 21 za kukata shauri lake. Mgonjwa hakutengewa siku zozote, hujipangia mwenyewe.

LPO pia husomesha. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya ununuzi itengewe vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kijana wa mji wa Maua, Meru, akipata LPO ya shuka, hukopa kwayo, hupeleka mzigo, shuka hulaliwa. Juni 30 mwaka wa fedha hufungwa kabla hajalipwa, na pesa zake huhamia ukoo wa madeni yaliyolimbikizwa, ambayo gavana mpya huundia kamati ya kuyahakiki. Sheria hiyohiyo inampa kijana haki ya kudai riba kwa malipo yaliyochelewa. Shujaa ni yule atakayeidai, kisha arudi kuomba LPO nyingine.

Lakini tuwe waungwana, tuipime na mwenzake. Mwaka wa 2015 serikali ya kitaifa ilikodisha mashine za eksirei, dayalisisi na upasuaji kwa hospitali 98, zikiwemo mbili katika kila kaunti. Hapo kaunti hazikuchoshwa na bahasha. Mkataba ulifungwa Nairobi, na ada ikakatwa huko kabla pesa hazijafika mlimani. Kila kaunti ilitozwa sawa: shilingi milioni 95 kwa mwaka, baadaye milioni 200. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu zaidi ya milioni moja na nusu Meru, na kama laki sita Embu, ada haikutofautisha. Nchini kulikuwa na mashine zilizokaa bila wataalamu, umeme au maji, nazo zikilipiwa. Kamati ya Seneti ilipochunguza, ripoti yake ya 2020 iliuita mpango huo uhalifu.

Basi heko kwa LPO. Ni nzito na ina madeni, lakini sahihi zake ni za watu wa hapahapa. Diwani aweza kuwaita, jirani aweza kuwauliza sokoni, na nambari ya hati haifutiki kwa ukungu wa Nairobi.

Mpinzani wake wa kweli yuko wodini. Muuguzi humwambia jamaa wa mgonjwa avuke barabara hadi duka la dawa, akanunue glavu, sindano na uzi wa kushonea. Hakuna bahasha, kamati wala rufaa. Vifaa hufika kwa dakika chache, muuzaji keshalipwa taslimu, na kaunti haidaiwi senti.