Kila Mtu Daktari Wangu

Mtu mwenye mwili mji huu hana siri. Afya yangu inasomwa na kila mtu, kuanzia konda wa daladala hadi mtoto wa jirani. "Bonge, jibane, hiyo siti ya wawili!" Nikijibana, anaketi abiria mwembamba, pakiti ya sigara mfukoni, ananishauri niache ugali wa usiku. Nani kamuuliza?

Ofisini ndiko balaa. Asubuhi wenzangu wananihurumia: "Kaka, presha hiyo inakunyemelea." Mchana, dumu la maji la lita 20 likitakiwa ghorofa ya tatu, huruma imekwisha. "Mwiteni yule mwenye mwili!" Asubuhi mgonjwa, mchana winchi. Wenye afya wanapanda nyuma yangu mikono mitupu, wakifika katikati ya ngazi wanasimama, eti wanajibu simu.

Juzi wakaja wapimaji wa afya. Mizani ikasema kilo 92, kimo mita 1.70. Nesi akagawanya kilo kwa kimo mara kimo, ikaja karibu 32. "Kuanzia 30 ni unene uliopitiliza," akatangaza, foleni nzima ikasikia. Sawa, dada. Lakini hesabu hiyo ilitoka kwa Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19, mtaalamu wa nyota na takwimu aliyekuwa akimsaka mtu wa wastani. Udaktari hakuusomea. Na kikokotoo hakijui msuli wala mafuta: mcheza raga na mla chipsi mayai wakilingana kilo na kimo, wote wanapewa jibu moja.

Sisemi kitambi ni dawa. Mafuta ya tumboni hukaribisha kisukari na presha, na magoti yangu nayo yana manung'uniko yao. Ninachosema ni kwamba macho hayapimi presha. Kwa hiyo nikanyoosha mkono, nikafungwa kile kitambaa, kikajaa upepo: 118 kwa 76. Akafuata mshauri wetu mkuu wa lishe, jamaa anayefunga mkanda tundu la mwisho. Nesi akampima, akampima tena, akamwambia, "Kaka, hebu kaa kwanza upumzike."

Mnadhani ofisi ilijifunza kitu? Presha ya yule wakasema ni mawazo tu, maskini, kazi nyingi. Yangu wakasema mashine imeisha betri.